Matone ya Mama Kasoki

Pale Masisi-centre, barabara ya Lushebere inapoachana na ile ya sokoni, kuna ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Watu huuita Bunge, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kuamuliwa hapo. Mbele ya ubao kuna mbabula, jiko la makala, yaani mkaa, lenye miguu mitatu iliyobaki, na ng'ambo ya mbabula, juu ya kigoda, hukaa Mama Kasoki, Mnande wa Butembo, anayeuza kahawa kwa vikombe vidogo. Upepo wa asubuhi hushuka kutoka malishoni, hupita migongoni mwa wanaume wa Bunge, huuchukua moshi na kumpelekea Mama Kasoki usoni. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ubao uliwekwa upande usio na moshi, na wanaume wakaukalia.

Asubuhi hiyo mvua ya usiku ilikuwa imeingia kwenye gunia la makala. Mama Kasoki alipepea kwa kipande cha boksi, akageuza uso, akapepea tena. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kilioni, lakini hayakuwa na tone la maji. Papa Symphorien aliliona hilo kabla hajaketi.

Wenzake humwita Prefe. Alifundisha biolojia mpaka akastaafu bila kuwa prefe, yaani mkuu, wa shule yoyote. Jina hilo walimpa kama pole. Tangu alipomzika mkewe, Joséphine-Marie, mwanzoni mwa kiangazi, sauti ya kwanza anayoisikia kila siku ni ya Mama Kasoki akimuuliza kuhusu sukari.

– Jambo, Papa Symphorien. Sukari?

– Kidogo, mama.

– Hii njo ya mwisho mu termosi. Ile ingine inangoja moto.

Wengine watatu walikuwa wameshakunywa. Muhindo, anayeitwa Bila Freni, huendesha lori la maharagwe la tajiri mmoja wa Butembo kati ya hapa na Goma. Nshimiyimana, anayeitwa Fromaji, hutengeneza jibini kwenye shamba moja huko juu na hunuka maziwa hata siku ya Jumapili. Wa tatu ni Patient, mzaliwa wa Ntoto, kule Walikale. Aliwahi kuwa mwindaji, akahama, na sasa kazi yake ni kukumbuka alivyokuwa mwindaji. Humwita Pori. Pori ana methali kwa kila jambo, ila huzitoa kama mtu anayejaribu funguo za nyumba nyingine.

Bila Freni alitoa boksi dogo mfukoni mwa shati.

– Mama Kasoki, dawa yako njo hii. Nilipita nayo ku barrière zote za ku barabara. Ku moja, mutu alifungua kidumu kimoja, kile kichupa kidogo ya plastiki, akalamba.

– Akasema nini? Fromaji aliuliza.

– Akasema haina sukari.

Mama Kasoki alifuta mikono kwenye kitenge, akalipokea boksi kwa mikono miwili, akaliweka mapajani. Hakulifungua.

– Aksanti, kaka. Hii njo ya mwisho.

– Ya mwisho namna gani?

– Ile ya kwanza ilinimalizikia, na sikuona kitu. Macho iko inachoma sawasawa, kama iko na muchanga ndani. Mangaribi siwezi kusoma hata namba ku telefone. Hii nayo ikimalizika vile, narudia Butembo kwa dada yangu. Ye anapikaka na umeme. Kule hakuna moshi.

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei. Symphorien alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, ingawa kahawa ilikuwa imeshapoa. Alijaribu kuifikiria njia hii bila mbabula: angetoka nyumbani, afike hapa, ageuke, arudi nyumbani.

– Mama, alisema, una ile karatasi ya ndani?

– Iko. Unisomee. Miye Kifaransa ya dawa siijue.

Symphorien alivaa miwani, akaikunjua karatasi, akasoma polepole, akitafsiri kila sentensi baada ya kuimaliza.

– Kidumu kimoja ni cha mara moja. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Kinachobaki kinatupwa. Mwanzoni inaweza kuchoma. Matokeo yanaweza kuchukua miezi.

– Kinatupwa? Fromaji aliuliza.

– Kinatupwa.

– Dawa yenye imetoka Goma?

– Kikishafunguliwa, wadudu wanaingia. Hakina dawa ya kuwazuia.

– Prefe, miye nikikamua jibini, maji yake hata situpe. Nguruwe anakunywa. Leo mama atupe dawa mu matope, halafu kuku ya jirani njo ione muzuri kumupita?

– Miye nilikuwa naifunika na kipande ya sashe ya plastiki, Mama Kasoki alisema. Asubuhi nafungua, mangaribi narudilia kile kile. Na siku yenye ilichoma sana, niliacha.

– Uliacha mara nyingi?

– Ilichoma mara nyingi.

Symphorien alikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile. Hakuwa na la kumlaumu. Nani hapa aliwahi kufundishwa kutupa kitu kabla hakijaisha?

– Sasa munganga alisema ugonjwa njo gani? Pori aliuliza. Maana mutu hawezi kutibu nyoka bila kujua inalalaka wapi.

– Alisema macho inakauka.

– Ile tunaiona. Inakauka juu ya nini?

Hapo Bunge lilifungua kikao. Fromaji alitangulia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ng'ombe.

– Miye nitawaambia. Jicho iko kama titi ya ngombe. Usipokamua, inakauka. Mama Kasoki, unaliaka?

– Nililia ya kutosha.

– Njo ile. Ulikamua mingi, ikamalizika.

– Ulisema usipokamua njo inakauka, Bila Freni alisema.

– Zote mbili, kaka. Uliza ngombe.

– Hapana, wachana na ngombe. Miye niko shofera. Jicho iko na radiateur. Ikikauka, maana yake kuko fasi inavuja. Maji ya mama inavuja ndani, inashuka mu mapua. Njo maana batu ya hapa banakohoa na hawana kifua.

– Na radiateur yako yenye ilitoboka pale Sake?

– Ile nilitia sabuni.

– Basi mama atie sabuni?

– Sikusema atie sabuni. Nilisema inavuja.

Mama Kasoki alipepea. Moshi mweupe ulipanda, ukamzingira, naye akafumba macho akangoja upite, kama mtu anayengoja lori lipite kabla ya kuvuka barabara.

– Kule kwetu Ntoto, Pori alisema, tunakaushaka nyama ku moshi. Umeshaona nyama ya moshi inaoza? Dawa ya moto ni moto. Mama akae mu moshi zaidi, macho itazoea.

– Pori, Symphorien alisema, ile nyama imekufa.

– Imekufa, lakini haiozake.

– Na haioni.

Fromaji alicheka kidogo, akaacha. Kicheko siku hizi hakifiki mbali, hata kikianza vizuri.

– Kuko pia maziwa ya mama, Pori aliendelea. Tone mbili mu jicho. Bibi yangu aliponaka nayo.

– Tutaenda kuomba kwa nani? Bila Freni aliuliza. Weye njo utabisha hodi?

– Miye ni mwanaume.

– Njo maana nauliza.

Symphorien alivua miwani. Alipokuwa akifundisha, aliamini kwamba kitu kikielezwa sawasawa, nusu ya uzito wake hupungua. Imani hiyo haikumtoka kwa siku moja, lakini ilikuwa imemtoka. Hata hivyo alieleza.

– Ndani ya kope kuna tezi zinazolilowesha jicho kila wakati, hata mtu asipolia. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Wakati mwingine wale askari wanakosea, wanashambulia tezi za mwili wenyewe. Jicho linavimba ndani, linakauka. Dawa hii haileti maji. Inatuliza wale askari, ili tezi zifanye kazi yake tena. Moshi nao unazidisha uvimbe.

Pori alimtazama Mama Kasoki kwa heshima mpya.

– Kumbe hata mu jicho kuko makundi?

– Njo vile alisema, Fromaji alijibu. Na banapiganisha wenyeji.

– Nani aliwapa silaha?

– Pori, usianze.

– Basi dawa njo mazungumuzo ya amani, Bila Freni alisema. Njo maana inaomba miezi.

– Na njo maana inachoma ku mwanzo.

– Na ukitoka mu kikao siku moja, banarudia ku zero.

– Hapo umesema kweli, Symphorien alisema. Ndivyo ilivyo.

Alishangaa kwamba walikuwa wameelewa. Walielewa kuliko darasa lolote alilolikumbuka. Mama Kasoki pia alikuwa ameacha kupepea.

– Kwa hiyo nikiitia kila siku bila kuruka, alisema, inaweza kusaidia?

– Inaweza, mama. Sikuapii. Lakini bila kuruka, na bila moshi.

– Bila moshi.

Akaitazama mbabula. Akaanza kupepea tena.

– Basi, Bila Freni alisema, Bunge itafute dawa ya moshi. Tuhamishe mbabula, tuiweke huku kwetu.

– Moshi itatupiga siye, Fromaji alisema.

– Tuhamishe ubao, tuende upande ya mama.

– Ni sawasawa tu, na tutakuwa watano mu moshi.

– Ubao iko na fasi yake, Pori alisema. Mukono moja hauchinje ngombe.

– Ngombe inaingia wapi hapa?

– Weye njo ulianza na ngombe.

– Miye niko na lunette za pikipiki mu lori, Bila Freni alisema. Zile za plastiki, zinafunika mpaka mu masikio. Mama avae.

– Ataona vikombe?

– Kioo moja ilipasuka. Ile ingine iko muzuri.

– Miye naona kitu ingine, Pori alisema, akajisogeza mbele ya ubao kama mtu aliyeona nyayo. Mianzi. Tukate muanzi murefu, tutoboe ndani. Mama atakaa kule ngambo ya barabara, chini ya ile bati, anapuliza mu muanzi, pumuzi inafika huku ku moto. Moshi haitamuona.

– Muanzi utapita mu barabara?

– Juu. Tutafunga ku miti.

– Na malori?

– Malori itainama.

– Lori yangu haiinamake, Bila Freni alisema.

– Basi tutachimba. Muanzi utapita chini, kama bomba ya maji.

– Bomba ya maji yenyewe haijafika hapa miaka yote ile. Ya pumuzi njo itafika?

– Tutaanza na ya pumuzi. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakati wakipima mahali pa kuchimba, mama mmoja alikuwa amefika kutoka upande wa Lushebere, na mzigo wa sombe, majani ya muhogo, kichwani. Alikuwa mgeni hapo. Aliutua mzigo, akasema anaitwa Thacienne, kwamba anakaa kwenye kambi ya waliokimbia vita na anangoja pikipiki, akauliza kama kuna kahawa. Mama Kasoki alimwambia inangoja moto. Ubao ulikuwa umejaa, na hakuna aliyesogea, basi alisimama upande uliobaki, ule wa moshi. Akakohoa. Akajifunika pua kwa kitenge. Alisikiliza habari ya mianzi kwa muda, akimtazama kila aliyesema.

– Munisamehe, bapapa, alisema. Miye niko mugeni. Mu nyinyi wane, hakuna mwenye anajua kuwasha moto?

Pori alifungua mdomo. Palikuwa na methali njiani, ilionekana, lakini haikufika.

– Si kujua, mama, Bila Freni alisema. Kwetu Butembo, moto ya biashara inapulizwa na mwenye biashara. Mutu mwengine akipuliza, anafukuza bakiliya, batu ya kununua.

Thacienne alimgeukia Mama Kasoki.

– Njo vile, dada?

– Miye ni wa Butembo, Mama Kasoki alisema. Sijawai kusikia ile.

Bila Freni alikitazama kikombe chake. Kilikuwa kitupu tangu mwanzo. Fromaji, ambaye kila alfajiri husimama kando ya sufuria la maziwa likipashwa moto na mke wake, alianza kujikuna kiwiko.

Mama Kasoki aliweka kipande cha boksi chini. Alifungua boksi la dawa, akachomoa kidumu kimoja, akakizungusha kichwa kikakatika. Akavuta kope la chini kwa kidole, akainua uso mbinguni, akadondosha. Jicho la pili vilevile. Akasita kidogo, kidumu kikiwa mkononi bado na maji, halafu akakitupa kwenye matope kando ya mguu wake. Akafumba macho. Midomo yake ilikazana kwa sababu ya kuchoma.

Bila mtu wa kuupepea, moto ulianza kushuka. Moshi uligeuka mzito, wa rangi ya majivu. Birika juu ya mbabula liliacha kunong'ona. Wanaume wa Bunge walilitazama kama watu wanaotazama mto ukipanda.

Symphorien aliujua moto huo. Alijua kwamba makala yaliyolowa hayawekwi katikati. Alijua kwamba chini ya majivu upande wa kushoto palikuwa na kaa moja zima lenye moto, kwa sababu moshi wa upande huo ulikuwa mwembamba zaidi. Alijua kwa kuwa tangu msibani, kila jioni, hufunga mlango wa nyumba yake, hushusha pazia, na kuwasha mbabula ya Joséphine-Marie. Siku za kwanza aliunguza mitihani ya zamani ya wanafunzi na akala viazi vibichi. Baadaye alijifunza. Majirani walipouliza nani anampikia, alisema anakula kwa jamaa. Mwanaume wa umri wake, mwenye diploma ya chuo kikuu, hawezi kusema pale Bungeni kwamba anajua kuwasha moto. Angesemwa mpaka Walikale.

Aliweka kikombe chini. Akasimama.

– Prefe, unaenda? Bila Freni aliuliza.

Aliizunguka mbabula, akapiga magoti upande wa Mama Kasoki, ambako hakuwahi kufika tangu siku alipoanza kunywa kahawa hapo. Moshi ulimpokea usoni mara moja. Alishangaa jinsi ulivyokuwa mwingi. Kutoka kwenye ubao ulionekana kama kitu chembamba.

Aliyaondoa makala yaliyolowa, akayapanga pembeni yakauke. Alilitafuta lile kaa zima kwa kijiti, akalileta katikati, akalizungushia vipande vidogo vikavu kutoka chini ya gunia. Halafu akachukua kipande cha boksi, akapepea kwa chini, taratibu. Hakikuwa kitendo cha mtu anayejaribu. Wote waliliona hilo.

– Prefe, Fromaji alisema polepole, ile ulijifunza wapi?

Symphorien alipepea.

– Mutu muzima akivuliwa nguo anachutama, Pori alisema. Hakuna aliyecheka, wala yeye mwenyewe.

Kaa likashika jirani yake. Moshi ukapungua, ukawa uzi. Thacienne aliteremsha kitenge kutoka puani. Birika lilianza tena, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti moja iliyonyooka.

– Nani anapepea? Mama Kasoki aliuliza, macho yakiwa yamefungwa bado.

Wanaume watatu walitazamana. Hakuna aliyetaja jina, na Symphorien aliwashukuru moyoni.

– Asipepee na nguvu, Mama Kasoki alisema. Inatosha kuiamusha.

Symphorien alipunguza.

Mama Kasoki alipofumbua macho, yalikuwa mekundu vilevile. Alimkuta mwalimu magotini karibu na mguu wake, majivu kwenye nywele, suruali yake ya kitambaa ikiwa imeingia matopeni. Hakuonyesha kushangaa. Aliitazama mbabula kwa muda, makaa yakiwa safi bila moshi, halafu akachukua vikombe na kuanza kuvisuuza, kikiwemo kimoja cha Thacienne.

– Kesho, alisema, nitafika wakati moto imeshakuwa makaa.

Hakusema nani atakayeuwasha. Hakuwaangalia. Fromaji alimtazama Bila Freni, Bila Freni akamtazama Pori, na Pori akaitazama barabara ya Lushebere kama mtu anayemngojea mgeni. Kahawa ikamiminwa.

– Gunia la makala, Symphorien aliuliza bila kuinua kichwa, usiku linalala wapi?